Komeo

Ingekuwa sinema, kwenye banda la Mnali,
shilingi mia mbili, jenereta likikohoa nyuma,
muziki ungetuonya.
Vinanda vingeanza kutambaa sakafuni
nasi watoto tungefumba macho,
tukachungulia kati ya vidole.
Lakini Kitangari usiku ule palikuwa kimya.
Ukungu ulishuka hadi usawa wa dirisha,
bati likidondosha tone, tone, ndani ya pipa.

Ilikuwa wiki ya malipo ya korosho.
Baba alizishonea noti ndani ya mto
kwa sindano ya magunia,
akaulalia kama mgonjwa.
Akanunua komeo jipya la chuma.
Akasema: Kuanzia leo, Somoe, hodi tatu hazitoshi.
Mtu ajitaje, na baba yake amtaje.

Huyu hakupiga hodi hata moja.
Tulikuwa tunamenya ming'oko, mvuke usoni;
nilipoinua kichwa alikuwa keshasimama ndani,
kavua viatu, kaviweka kushoto mwa mlango,
pale pale tunapoweka vyetu.

"Naomba maji."

Kwetu maji hayaombwi hivi hivi,
ndoo hupanda mlima kwa bei.
Mama akanyanyuka, hakuuliza jina.
Mgeni akamwahi:
akaenda mwenyewe kwenye kona ya giza,
akapapasa nyuma ya mtungi, akatoa kata,
kata ambayo mimi, niliyezaliwa humo,
huitafuta kwa tochi.

Watoka wapi?
Ng'ambo ya mto.
Waenda wapi?
Akanywa.
Akanywa polepole mno, nami nikahesabu vidole vyake
kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kuhesabu:
gumba, na vitatu.
Pa kidole cha mwisho, ngozi imefumba kama mdomo.

Sasa sikiliza. Ukutani kwetu ilitundikwa picha,
ya studio moja ya Masasi,
nyuma pamechorwa maporomoko ya maji.
Mama msichana, kitenge kipya, hacheki.
Upande wake wa kulia picha imekatwa kwa mkasi,
wima, kwa uangalifu wa fundi,
ila mkasi ulishindwa kuutoa mkono
ulioshika bega lake.
Wa nani? tulikuwa tukiuliza.
Wa mpiga picha, alisema mama,
nasi tukaamini kwamba wapiga picha wana mikono mirefu.

Nikautazama ukuta. Nikaitazama kata.
Nikautazama ukuta.
Kaka yangu Chitanda naye alikuwa akihesabu,
midomo inamcheza.

"Utalala barazani," baba alisema.
"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe."
Mgeni akacheka, kwa mara ya kwanza:
"Jembe langu mbona liko hapa hapa."

Hakuna aliyelala.
Baba na panga chini ya mkeka, mto kifuani.
Chitanda kanishika kisigino.
Kisha, katikati ya tone na tone,
chuma kikasogea.
Si kwa kishindo. Kwa adabu, kidogo kidogo,
kama mtu anayemfunua mtoto aliyelala.
Nikamngoja baba ainuke. Panga halikutikisika.
Na ndipo damu iliponiganda,
kwani komeo lilikuwa jipya,
na komeo hufunguliwa kutoka ndani.

Asubuhi noti zilikuwa kamili.
Baba alizihesabu mara tatu, akacheka peke yake,
akasema kumbe alikuwa mwehu tu, mpita njia.
Viatu havipo.
Uwanja umefagiwa kabla ya jogoo,
umefagiwa hadi njiani, hadi palipo mikorosho,
hakuna unyayo, wala wa kuku.
Picha ipo. Mama yumo.
Begani mwake pana tundu la kiganja kimoja,
na udongo mwekundu wa ukuta unachungulia.

Baba hakuiangalia picha ile. Hata leo.
Ila ukungu ukishuka huniambia, Kafunge.
Naenda nikipapasa gizani,
nakuta mkono wa mama umeshanitangulia,
uko juu ya chuma,
hauvuti, hausukumi.